Cornelius van Rooyen: Mwindaji aliyezalisha mbwa wa kukabili simba

KWA mfugaji wa Nakalale, au popote kati ya Lodwar na Kakuma, mbwa ni mlinzi wa zizi. Thamani yake hupimwa usiku, mbuzi wanapotishwa na fisi. Kipimo kama hicho ndicho alichotumia Cornelius van Rooyen, mwindaji ambaye jina lake linahusishwa na mbwa mashuhuri zaidi aliyezalishwa kusini mwa Afrika.

Van Rooyen alizaliwa mwaka 1860 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Akiwa kijana alihamia nchi ya Wandebele, iliyo Zimbabwe ya leo, akaweka makao Mangwe. Aliishi kwa kuwinda, na alifahamiana na mwindaji Mwingereza Frederick Selous.

Mwaka 1879 alifungishwa ndoa na mmishonari Charles Helm katika misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo. Helm alikuwa na mbwa jike wawili aliowaleta kutoka Rasi. Van Rooyen aliwachanganya na kundi lake, na kwa miaka mingi akachagua wazao wenye kasi, ujasiri na busara.

Kazi ya mbwa hao haikuwa kumuua simba, kwani hakuna mbwa awezaye. Walimzunguka, wakambwekea na kumkwepa, hadi mwindaji afike na bunduki. Mbwa mzito alichelewa kuruka akararuliwa, mwoga alikimbia. Waliosalia ndio waliozaa.

Hata hivyo, sifa si zake peke yake. Walowezi Waholanzi waliofika Rasi mwaka 1652, na Wazungu waliowafuata, walileta mbwa wa aina nyingi, wakiwemo wa jamii ya mastifu, wenye vichwa vipana na vifua vikubwa. Lakini mstari wa nywele mgongoni, zinazolala kuelekea kichwani, ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Wafugaji hao Waafrika hawakutajwa katika jina la mbwa.

Van Rooyen alifariki mwaka 1915. Mwaka 1922, Francis Barnes aliwakutanisha wafugaji mjini Bulawayo wakaandika vigezo vya mbwa huyo, ambaye leo huitwa Rhodesian Ridgeback. Rhodesia ilikoma mwaka 1980 Zimbabwe ilipopata uhuru. Jina la mbwa likabaki.

Vigezo hivyo vilikuwa na gharama. Kwa muda mrefu baadhi ya wafugaji waliwaua watoto waliozaliwa bila mstari. Mwaka 2007, wanasayansi walionyesha kuwa badiliko la jeni linaloleta mstari huo ndilo pia linaloongeza hatari ya ugonjwa wa tundu jembamba, linaloweza kupenya kutoka ngozi ya mgongo hadi kwenye uti wa mgongo. Waliouawa, basi, mara nyingi ndio waliokuwa salama zaidi na maradhi hayo.

Van Rooyen alimchagua mbwa kwa kazi yake. Waliomfuata walimchagua kwa nywele zake.