Seyyid Said na Ardhi Iliyoikubali Karafuu

Majina ya wafalme huandikwa juu ya makaburi na katika vitabu vya tarehe. Jina la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, limeandikwa mahali pengine pia, nako ni katika udongo. Atakaye kulisoma na apande vilima vya Pemba msimu wa karafuu, avute pumzi. Nataka leo niyaeleze maisha ya bwana huyu, si kwa vita na mikataba yake tu, bali kwa mti mmoja alioushughulikia kuliko yote, na kwa ardhi ambayo haikumtii kila alipoamrisha.

Said alizaliwa Oman mwaka 1791, katika nchi ya majabali na jangwa. Mvua ya Maskati ni haba mno, kwa kawaida haifiki hata milimita 150 kwa mwaka. Huko mti wa watu ni mtende, na maji huja mashambani kwa mifereji iitwayo aflaji, kila mwenye shamba akipewa zamu yake kwa kipimo. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804. Mwaka 1806 Said, kijana wa miaka kama 15, alimuua jamaa yake Badr bin Seif, akashika hatamu za utawala. Mtu aliyelelewa mahali ambapo kila tone la maji lina mwenyewe hahitaji kufunzwa thamani ya nchi yenye mvua.

Alifika pwani yetu kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, na haikumwelemea kwa urahisi. Alikuja na majeshi yake mara baada ya mara, na Ngome hakuipata kwa kudumu mpaka mwaka 1837, kisha masheikh kadha wa Kimazrui wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, wengi wao wasirudi tena. Watu husimulia ugomvi ule kana kwamba ulikuwa wa ngome na bendera peke yake. Mimi mtu wa Mombasa nasema ulikuwa wa mpunga pia. Pemba ina mabonde yenye maji na rutuba, na tangu zamani ndiyo iliyokuwa ghala ya chakula cha Mombasa. Mazrui walipopokonywa Pemba mwaka 1823, mji wetu ulikuwa umekwisha pokonywa sahani kabla ya kupokonywa Ngome.

Sasa tuje kwenye karafuu. Asili yake ni visiwa vya Moluccas, mashariki ya mbali. Wafaransa waliitoa huko katika miaka ya 1770 wakaipanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu mmoja aitwaye Saleh bin Haramil akaileta Unguja. Kwa hivyo Said hakuwa wa kwanza kuipanda, kama wengi wanavyodhani. Aliikuta imekwisha kushika mizizi, akaona kitu ambacho wengine hawajakiona kwa ukubwa wake, na mashamba ya Saleh yakaishia mikononi mwa Seyyid mwenyewe.

Mkarafuu ni mti wenye deko. Wataka mvua nyingi, lakini hautaki miguu yake isimame majini. Wataka udongo wenye kina unaopitisha maji, na mteremko wa kilima kwa hivyo unaufaa. Wataka masika ya kuunywesha, kisha kiangazi cha kuchumia na kuanikia, kwani karafuu mbichi ikinyeshewa juu ya jamvi huvunda na thamani yake hupotea. Upepo mkali huuvunja. Na ukisha kuupanda, ungoje miaka sita au zaidi kabla hujaona tumba la kwanza.

Unguja ina nchi mbili ndani ya kisiwa kimoja. Upande wa magharibi kuna vilima na udongo mwekundu uitwao kinongo, na hapo mkarafuu ulikubali. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda, nchi ya mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo mashimoni, na hapo mkarafuu ulikataa. Inasimuliwa kwamba Said aliamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na asiyetii anyang'anywe shamba. Binti yake, Seyyida Salme, ameandika kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45. Lakini hata amri ya mfalme haikuweza kuuotesha mkarafuu juu ya jiwe.

Basi mpaka ule wa udongo ukawa mpaka wa watu. Wageni wenye nguvu walitwaa ardhi ya kinongo, na Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, wengi wao wakasukumwa kwenye uwanda, wakalima mihogo na mtama kati ya mawe na kutegemea bahari. Ukitazama ramani ya udongo wa Unguja, wasoma pia nani alishinda na nani alishindwa.

Wala miti ile haikujipanda. Karafuu huchumwa tumba kwa tumba kabla halijafunguka, mchumaji akiwa juu ya matawi mepesi kuvunjika, kisha huchambuliwa makonyo na kuanikwa juani. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa, walioletwa kwa maelfu kutoka bara. Said alitia saini mikataba na Waingereza ya kupunguza biashara hiyo, mwaka 1822 na mwaka 1845, lakini mashamba yake yaliendelea kula watu. Sisi tunaojivunia ustaarabu wa pwani hatuna budi kulisema hili wazi. Harufu ile tamu ilikuwa na jasho la wasiolipwa.

Kama mfanyabiashara, Said alikuwa hodari. Alifanya mikataba na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844, na mwaka 1840 jahazi lake Sultana lilifika New York. Unguja ikawa soko kuu la karafuu ulimwenguni. Lakini kila mtu alipopanda mti ule ule, bei ikaanguka vibaya. Seyyid mwenyewe alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea kutoka Maskati, akazikwa Unguja.

Mwaka 1872, miaka 16 baadaye, tufani kubwa ilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa. Kisiwa hicho, ambacho Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, kina mvua nyingi kuliko Unguja na vilima vilivyojipanga mfululizo. Wapemba walipanda mikarafuu juu ya vilima na kuuacha mpunga chini mabondeni, kila mmea na makao yake. Tangu wakati huo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za visiwa hivi imetoka Pemba. Utumwa nao ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Wafalme walipita, na mti ulibaki pale ulipochagua.

Sisi tuliosoma chuoni twaikumbuka Surat Raad, inapotuelekeza tuangalie vipande vya ardhi vilivyopakana, mizabibu na mimea na mitende yake, vyote vikinyweshwa maji mamoja, na hata hivyo matunda yakatofautiana kwa ladha. Waalimu wetu walitufunza kwamba hapo pana ishara kwa wenye akili. Mimi naisoma ishara hiyo katika maisha ya Seyyid Said. Alikuwa na jeshi, merikebu na fedha, na aliweza kuamua nani amiliki shamba na nani avunjike mgongo humo. Kuamua karafuu imee wapi hakuweza. Hilo liliamuliwa na mvua, udongo na kilima, na Mwenye kuviumba. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, waliomiliki na waliochuma.