Moshoeshoe wa Kwanza na Hekima ya Kuona Mbali

Aghalabu tunapowataja mashujaa wa Afrika wa karne ya 19, ndimi zetu hukimbilia majina ya wale waliopigana hadi tone la mwisho la damu. Tunawaimba waliokufa mkuki ukiwa mkononi, nasi twafanya vyema. Hata hivyo, upo ushujaa mwingine usioimbwa sana, nao ni ule wa kiongozi wa watu wachache ajuaye kwamba hawezi kumshinda kila adui, akaamua mapema ni kipi yu radhi kukipoteza na ni kipi hatakiachilia kamwe. Makala haya yanamwangazia kiongozi wa namna hiyo, Moshoeshoe wa Kwanza, mwasisi wa taifa la Wasotho, ambalo leo ni Ufalme wa Lesotho.

Moshoeshoe alizaliwa mnamo mwaka wa 1786 hivi huko Menkhoaneng, kaskazini mwa Lesotho ya leo. Babake, Mokhachane, aliongoza tawi dogo la ukoo wa Wakwena. Hakuwa na jeshi la kutajika. Jina la utotoni la mwanawe lilikuwa Lepoqo. Hili tunalomjua nalo alilipata ujanani, baada ya kumvamia kiongozi jirani na kutwaa ng'ombe wake. Jina hilo huiga mlio wa wembe unyoapo, kana kwamba alimnyoa mwenziwe mifugo yote. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa hasira. Masimulizi ya Wasotho yaeleza kwamba aliyemtuliza ni mzee Mohlomi, mganga na msafiri mwenye busara, aliyemfunza kuwa utawala hudumu kwa amani na haki, na kwamba mtawala hapaswi kumwua mtu kwa tuhuma za uchawi.

Mafunzo hayo yalitiwa mizanini upesi. Katika miaka ya 1820 vita na njaa vilizikumba nchi za ndani za kusini mwa Afrika, kipindi ambacho Wasotho hukiita Lifaqane. Koo zilisambaratika, mashamba yakageuka vichaka, na baadhi ya watu wakafikia kula nyama ya binadamu wenzao. Mwaka wa 1824, baada ya kuzingirwa na Watlokoa katika ngome yake ya Butha-Buthe, Moshoeshoe alitambua kwamba mlima ule haungewakinga watu wake mara ya pili. Hakungoja maji yamfike shingoni. Aliwahamisha wakati wa baridi kali hadi Thaba Bosiu, jina ambalo maana yake ni mlima wa usiku. Juu yake pana uwanda mpana wenye malisho na chemchemi, na njia za kuupanda ni chache na nyembamba. Ngome hiyo haikutekwa kwa vita hata mara moja maishani mwake.

Safari hiyo ilikuwa na msiba wake. Babu yake, Peete, alikamatwa na wala watu, akaliwa. Wahalifu hao walipopatikana baadaye, wengi walitazamia wauawe. Masimulizi yasema kuwa Moshoeshoe alikataa: matumbo yao yalikuwa kaburi la babu yake, na mjukuu hachafui kaburi la babu. Akawapa ng'ombe, wakarejea katika maisha ya kawaida. Aliyewaona kama wauaji hakukosea. Yeye, hata hivyo, aliwaona pia kuwa raia wa kesho, kwa maana katika nchi iliyokwisha watu, mtu mmoja hai alikuwa na thamani kuliko kisasi kumi.

Huo ndio uliokuwa msingi wa mpango wake wote. Wakimbizi wa kila ukoo na kila lugha walipofika mlimani, aliwakopesha ng'ombe kwa utaratibu wa mafisa: mkopaji alikunywa maziwa na kulimia, ilhali ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe. Hivyo fukara alipata riziki, na Moshoeshoe akapata mtu wa kumtii. Kwa Shaka wa Wazulu alipeleka kodi ya heshima ili asishambuliwe. Wapiganaji wa Mzilikazi walipoujia mlima wake mnamo mwaka wa 1831 na kurudishwa nyuma kwa mawe, aliwatumia ng'ombe wa kula njiani, akijua kwamba adui aliyeshiba na kuheshimiwa huona haya kurudi.

Tishio kubwa zaidi lilikuwa likija kutoka kusini, nalo lilikuja na bunduki. Moshoeshoe alianza kujitayarisha mapema kwa kukusanya farasi na bunduki, na kwa kuwatafuta watu ambao wangemsomea ulimwengu mpya. Mwaka wa 1833 wamisionari watatu wa Kifaransa, Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin, walifika kwake kwa mwaliko wake. Aliwapa mahali pa kukaa huko Morija. Casalis akawa mshauri wake katika uhusiano na wageni hadi aliporejea Ufaransa mwaka wa 1855. Moshoeshoe mwenyewe aliendelea kupima kila neno la wageni hao, akatwaa lililofaa na kuliacha lisilofaa.

Makaburu nao walipoingia na mifugo yao, aliwaruhusu kulisha kwa muda. Kwa mila ya Kisotho ardhi hutumiwa, haiuzwi. Kwa Makaburu, aliyelisha miaka kadhaa alikuwa amemiliki. Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Moshoeshoe alitafuta kinga ya maandishi, akatia sahihi mkataba na Gavana Napier wa Koloni la Rasi mwaka wa 1843, lakini miaka sita baadaye Waingereza wenyewe walichora mpaka uliompokonya sehemu ya nchi. Mnamo Desemba 1852 Gavana Cathcart alimdai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 katika muda wa siku tatu. Ng'ombe 3,500 walitolewa, kisha jeshi la Cathcart likavamia, likakabiliwa vikali katika uwanda wa Berea. Usiku ule, badala ya kushangilia, Moshoeshoe alimwandikia gavana barua ya unyenyekevu akiomba amani, na kumpa nafasi ya kuondoka bila fedheha. Cathcart aliipokea, akaondoka.

Mwaka wa 1854 Waingereza waliwaachia Makaburu jimbo la Orange Free State. Vita vikafuata mwaka wa 1858, kisha tena kuanzia mwaka wa 1865. Thaba Bosiu haikuanguka, lakini mashamba ya nafaka yaliteketezwa na njaa ikafanya kazi ambayo mizinga ilishindwa kuifanya. Mzee huyo, aliyekwisha kuomba hifadhi ya Uingereza tangu mapema katika miaka ya 1860, aliomba tena. Tarehe 12 Machi 1868 Gavana Wodehouse alitangaza kuwa Wasotho ni raia wa Malkia. Mkataba wa mwaka wa 1869 uliwarudishia sehemu tu ya nchi yao. Ardhi yenye rutuba ng'ambo ya magharibi ya mto Caledon ilipotea. Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya mlima wake.

Je, alifaulu? Mhakiki mwadilifu hawezi kuyafumbia macho makosa yake. Ukarimu wake kwa wafugaji wageni uliwafungulia mlango, na wanawe aliowagawia wilaya walishindana hata kabla hajafa. Isitoshe, aliikabidhi enzi ya watu wake kwa dola la kigeni. Hata hivyo, tuyatazame yaliyofuata. Koloni la Rasi lilipotwaa utawala wa nchi hiyo mwaka wa 1871 na baadaye kutaka kuwanyang'anya Wasotho bunduki, walipigana mwaka wa 1880 na 1881 hadi Uingereza ikairejesha nchi chini yake mwaka wa 1884. Kwa sababu hiyo haikumo katika Muungano wa Afrika Kusini ulioundwa mwaka wa 1910, wala haikuguswa na sheria ya mwaka wa 1913 iliyowabakishia Waafrika wa huko takriban asilimia 7 tu ya ardhi. Tarehe 4 Oktoba 1966 Lesotho ilijitawala. Ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na vizazi vya wanaume wake vimetoa jasho katika migodi ya jirani. Lakini ipo.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Ni Morija ile ile aliyowapa wamisionari ndiko ilikochapishwa, mwaka wa 1925, riwaya ya Chaka ya Thomas Mofolo, iliyoandikwa kwa Kisotho na kusomwa baadaye ulimwenguni kote. Moshoeshoe hakuweza kuiona riwaya hiyo, kama asivyoiona bendera ya mwaka wa 1966. Alichoweza ni kuhakikisha kwamba watakuwako watu wa kuiandika na watu wa kuipandisha. Yeye aliatika miche tu. Waliovuna ni vitukuu.