Tom Simpson na Jina Linalopotosha

Kila nipitapo barabara ya Kericho kuelekea Litein alfajiri, huwaona vijana wakikimbia kando ya mashamba ya majani chai, kila mmoja akiwa na ndoto ya medali. Hao ndio wanaonikumbusha maisha ya Mwingereza Tom Simpson, mwendesha baiskeli ambaye ningependa walimu wetu wawasimulie habari zake.

Simpson alizaliwa mwaka 1937 katika kijiji cha Haswell, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Baiskeli ilimtoa katika maisha ya migodini, kama mbio zinavyowatoa vijana wetu katika kuchuma chai. Mwaka 1956, katika Olimpiki ya Melbourne, ya kwanza Kenya kushiriki, yeye na wenzake walipata medali ya shaba. Mwaka 1962 alikuwa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya manjano ya kiongozi wa Tour de France. Mwaka 1965 akatwaa ubingwa wa dunia.

Tarehe 13 Julai 1967, akiwa katika mashindano hayo ya Ufaransa, aliukwea mlima Ventoux chini ya jua kali, ilhali tumbo lilikuwa limemsumbua siku zilizotangulia. Karibu na kilele aliyumba, akaanguka. Alitaka kuendelea, akasaidiwa kupanda baiskeli, akaanguka tena. Hakuokoka. Alikuwa na miaka 29, mume na baba wa mabinti wawili. Uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa ametumia amfetamini na pombe.

Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu. Lakini jina letu la dawa za kusisimua misuli naliona linapotosha. Dawa huponya. Amfetamini haikumponya Simpson wala haikumwongezea misuli. Ilimzuia tu kuhisi uchovu, na uchovu ndio mlinzi anayetuonya kabla mwili haujaharibika.

Nyingine hudhuru polepole. EPO huzidisha chembe nyekundu, damu ikawa nzito, ikaweza kuganda na kuleta kiharusi. Steroidi zinazojenga misuli huathiri moyo na ini, na huweza kumnyima mtu uzazi. Aghalabu madhara hayo hujitokeza wakati mashabiki wamekwisha kumsahau mchezaji.

Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kifo hicho, upimaji wa dawa hizo ulianza katika Olimpiki. Mwaka huohuo, mjini Mexico, Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 800. Alifariki mwaka 2022, akiwa mzee wa miaka themanini na ushei.

Basi kijana anayepewa sindano au kidonge na mtu asiye daktari, akiambiwa kuwa ni dawa, na aulize kwanza: inatibu ugonjwa gani? Tamaa mbele, mauti nyuma.