Mtoto wa Niger, Tabibu wa Karema

Nchi ya Kahama na Geita imezoea wageni. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulipoanza uzalishaji mwaka 2009, watu walimiminika kutoka kila upande; ulipofungwa mwaka 2021, wengi walifunga mizigo wakaenda kutafuta riziki kwingine. Katika nyumba moja ya kupanga waweza kumkuta baba wa Kigoma, mama wa Bukoba, na watoto waliozaliwa papo hapo machimboni, wasioijua njia ya kwenda kwa babu yao. Wazazi wa namna hiyo huona wasiwasi: mtoto asiyekua katika nchi ya wazee wake, ambako kila jirani alimjua na kila kengele ya kanisa ilimwita, atashika dini gani? Na wako wenye kujiuliza swali gumu zaidi: je, imani yetu si tunda la mahali tulipozaliwa tu?

Swali hilo si la mzaha, wala halifai kukwepwa. Twapenda leo kulipima kwa maisha ya mtu mmoja ambaye mahali alipozaliwa na mahali alipokufa palitengwa na karibu upana wote wa Afrika. Mtu huyo ni Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Timbuktu ilisifika kwa karne nyingi kwa misikiti yake na waalimu wake wa Kiislamu. Kama mtoto yule angeachwa kwao, yaelekea angekua akisali kama walivyosali majirani zake, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa hilo. Lakini hakuachwa. Akiwa bado mdogo aliibwa na Watuaregi, akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, akawa bidhaa ya kuuzwa kama chumvi na ngozi.

Huko Algeria alikombolewa na Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger. Tuseme wazi jambo lililo zito hapa. Mtoto yule hakuchagua kuondoka kwao, wala hakuchagua waliomkomboa. Fedha ilitolewa kwa ajili yake, na hata ikitolewa na mikono yenye huruma, yeye hakuulizwa. Alifundishwa kusoma, akafundishwa sala, akabatizwa. Basi mwenye kusema kwamba imani ya Atiman ilitokana na malezi yake, asema kweli. Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lavigerie alikuwa na shauri kubwa. Aliwaza kwamba Waafrika waliookolewa utumwani wafundishwe uganga wa kisasa, kisha warudi katikati ya Afrika, waishi kama wenyeji, watibu miili na kufundisha dini. Kwa ajili hiyo vijana wateule walipelekwa kisiwa cha Malta, na Atiman akiwa mmoja wao. Alisoma huko tangu mwaka 1881 hata mwaka 1888. Mwaka huo wa mwisho alifika Roma mbele ya Baba Mtakatifu Leo wa XIII, ambaye katika mwezi wa Mei alikuwa ametoa barua yake ya kulaani utumwa. Kisha akasafiri na msafara wa wamisionari kutoka pwani yetu hadi Ziwa Tanganyika, akaingia Karema mwaka 1889.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Nchi ile ilikuwa ingali ikilia kwa ajili ya biashara ya watumwa. Fikiri, msomaji, moyo wa kijana yule: amesoma ng'ambo, aweza kuishi mjini, na sasa amepelekwa mahali ambapo kila siku ataona watoto walioibwa kama alivyoibwa yeye. Lugha ya wenyeji haikuwa yake. Hakuwa na ndugu wa damu hata mmoja.

Hapo ndipo twaona mpaka wa nguvu ya malezi. Wenzake wa Malta walikuwa wamelishwa chakula kile kile, wakafundishwa na waalimu wale wale. Lakini si wote waliodumu katika kazi ile. Atiman alidumu miaka 67. Alioa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akapewa upadri mwaka 1923. Aliona Wajerumani wakitawala na kuondoka, akaona Waingereza wakishika nafasi yao, naye akaendelea kutibu wagonjwa na kufundisha. Alifariki mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika.

Mtu haishi miaka 67 kwa imani ya kuazima. Kile alichopewa bila kuulizwa akiwa mtoto, alikichagua mwenyewe alipokuwa mtu mzima, tena akakichagua kila asubuhi alipomfungulia mgonjwa mlango. Wala hakuona lazima kufuta alikotoka. Jina la Adrian lilikuwa la ubatizo, lakini Atiman alilichukua kutoka Niger, na mtoto wake padri akaitwa kwa jina hilo hilo. Alipokuwa mzee alisimulia habari za maisha yake, nazo zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, zikianzia kule mtoni alikozaliwa.

Basi, twaweza kujibu swali letu. Mahali pa kuzaliwa humpa mtu lugha yake ya kwanza na sala yake ya kwanza. Malezi humfungulia mlango. Lakini kuingia, na kukaa ndani, ni kazi ya mtu mwenyewe pamoja na neema ya Mungu. Kwa sababu hiyo tusijivune mbele ya jirani wa dini nyingine, kana kwamba sisi tulichagua tumbo la mama zetu.

Nanyi wazazi wa Kahama, Kakola na Geita, msikate tamaa kwa sababu watoto wenu hawakui penye makaburi ya babu zao. Si mbali na ninyi, Ushirombo, misioni iliyoanzishwa mwaka 1891 nayo ililea watoto waliokombolewa utumwani, wasio na nchi wala ukoo wa kuwategemeza. Wako waliowakubali na kukaa nao. Jambo moja tu hatuwezi kulisamehe kwa urahisi: mtoto kuachwa kwa machimbo yamlee. Salini naye jioni, hata kama chumba ni cha kupanga. Mgodi utafungwa na familia itahama, lakini sala ile ataibeba popote aendapo, na siku moja ataulizwa kama ni yake.