Bwana Tumbo: Mwindaji wa elki aliyefika Nyeri

Mtu wa pwani akipanda Othaya kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza analolikumbuka ni koti alilolisahau nyumbani. Huko baridi haibishi hodi. Mashamba ya chai na kahawa yameteremka mabondeni kama mikeka iliyotandikwa, na magharibi imesimama milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Asubuhi mawingu yakifunguka, Mlima Kenya nao huonekana kwa mbali umevaa kilemba chake cheupe. Hii ndiyo nchi alikozaliwa marehemu Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, katika kijiji cha Gatuyaini.

Mwezi wa Agosti mwaka 1909, milima hiyo ya Nyandarua ilivukwa na mzungu mnene, mwenye miwani na masharubu, akitokea Naivasha kwenda Nyeri. Nyuma yake ulifuata msururu wa wapagazi, wengi wao ni watu wa pwani yetu na Wanyamwezi. Miezi mitano tu nyuma mzungu huyo alikuwa rais wa Marekani. Jina lake ni Theodore Roosevelt. Wapagazi mbele yake walimwita Bwana Mkubwa. Lakini lipo jina jingine walilompa, nalo ndilo lililovuka bahari na kuchapwa magazetini kwao: Bwana Tumbo.

Leo, wapenzi wasomaji, tumwangalie mtu huyu kwa upande mmoja wa maisha yake, nao ni upande wa mwindaji na maandalizi yake. Ndani yake mna mafunzo, na pia mna deni ambalo mpaka hivi leo halijalipwa.

MTOTO WA PUMU

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Lakini mali haikumnunulia pumzi. Alikuwa na pumu kali, na usiku mwingi baba yake alimchukua mikononi akitembea naye ili mwana apate kuvuta hewa. Alipokua kidogo baba akamwambia kwamba akili anayo, ila mwili lazima aujenge mwenyewe. Mtoto akashika neno. Akaanza kunyanyua vyuma, kupigana ngumi, kupanda farasi na kutembea masafa marefu.

Alipofika miaka kumi na mitatu alipewa bunduki, na ndipo ikagunduliwa kwamba haoni mbali. Wenzake wakilenga ndege, yeye hakumwona hata huyo ndege. Alipovikwa miwani, dunia ikawa mpya machoni pake. Majira ya baridi ya mwaka 1872 kuingia 1873 familia yake ilisafiri Misri ikapanda mto wa Nile kwa jahazi, na kijana akapita siku zake akiwapiga ndege, akiwachuna na kuwahifadhi kwa elimu. Kwa hiyo Afrika ilimjua Roosevelt tangu utotoni.

SAFARI YA ELKI

Mwaka 1883 alikwenda magharibi ya Marekani, nchi ya Dakota, kumtafuta nyati wa huko. Mvua ilimpiga siku kadhaa, akalala kwenye matope, akakosa shabaha, na mwenyeji aliyemwongoza akadhani kijana huyu wa mjini atarudi kwao kesho yake. Hakurudi mpaka alipompata nyati. Akapenda nchi ile, akatia fedha zake katika ufugaji wa ng'ombe.

Kisha ukaja msiba. Tarehe 14 Februari 1884, katika nyumba moja na siku moja, alifariki mama yake, na baada ya saa chache akafariki mkewe Alice, aliyekuwa amejifungua binti siku mbili kabla. Roosevelt alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alimwacha mtoto kwa dada yake, akarudi Dakota. Mwezi wa Agosti mwaka ule akafunga safari ya kwenda milima ya Bighorn, Wyoming, kumwinda elki.

Msomaji wa pwani atauliza: elki ni mnyama gani? Ni wa jamaa ya kulungu, lakini ukubwa wake ni wa ng'ombe. Dume hutimiza kilo mia tatu na zaidi, na pembe zake zina matawi kama mti. Kila mwaka huzidondosha zikamea nyingine. Mwezi wa Septemba, wakati wa kutafuta majike, hulia kwa sauti nyembamba ndefu mfano wa zumari, na mlima mzima ukaitika. Wenyeji wa asili wa nchi ile walimjua na kumla karne nyingi kabla ya mzungu kufika na bunduki.

Kumwendea mnyama huyu si jambo la kukurupuka. Kwanza ni mlima: hewa ni nyepesi, na mtu wa bondeni hutweta baada ya hatua kumi. Pili ni baridi, kwani Septemba theluji huweza kuanguka. Tatu ni upepo: ukimpelekea elki harufu yako, hutamwona tena. Nne, na hili wengi hulisahau, ni nyama. Kumwangusha mnyama wa kilo mia tatu mlimani ni dakika moja. Kumchuna, kumkata na kumteremsha ni kazi ya siku nzima au zaidi.

Roosevelt alijiandaa kama mtu anayejua udhaifu wake. Alichukua gari la kukokotwa lenye chakula na matandiko, mzee wa kuliendesha, farasi wa kupanda, na mwenzake Merrifield aliyejua nchi. Alikuwa na bunduki ya Winchester, nayo aliifanyia mazoezi, kwa kuwa hakuwa na kipaji cha shabaha na mwenyewe alilikubali hilo. Alivaa makubadhi laini ya ngozi kama ya wenyeji, ili mguu usivunje kijiti. Katika milima ile alimpata elki, na alikutana ana kwa ana na dubu mkubwa akamwua kwa risasi ya kichwa. Mwanzo wa Oktoba alirudi. Aliyekwenda alikuwa mgonjwa wa huzuni, na aliyerudi alikuwa mtu mzima.

MWENYE KUUA NA MWENYE KULINDA

Lakini macho yake yalikuwa yameona jambo lingine. Nyati waliokuwa mamilioni walikuwa wamekwisha. Elki nao walikuwa wanafuata njia ile ile. Mwanzo wa karne ya ishirini walibaki chini ya laki moja katika nchi nzima. Mwaka 1887 Roosevelt na wenzake wakaunda chama cha wawindaji cha Boone and Crockett, cha kutaka uwindaji uwe na mipaka. Alipokuwa rais, kuanzia mwaka 1901, alitenga misitu na mbuga za ekari zipatazo milioni mia mbili na thelathini. Mwanachuoni mmoja alikuwa ameshampa elki wa pwani ya magharibi jina lake, mwaka 1897. Na tarehe 2 Machi 1909, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, Roosevelt alitia saini hifadhi ya milima ya Olympic, makao ya elki huyo huyo.

Wiki tatu baadaye alikuwa melini, anakuja kwetu.

SANDUKU LA VITABU

Maandalizi ya safari hii yalikuwa ya miezi. Aliwaandikia wawindaji wakubwa wa Uingereza, akina Selous na Buxton, akiwauliza kila kitu: mahema, viatu, dawa, majira ya mvua. Jumba la makumbusho la Smithsonian lilimpa wataalamu watatu wa wanyama, maana safari ilikuwa ya kukusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya elimu. Gharama zilitoka kwa matajiri kama Carnegie, na mwenyewe aliahidiwa dola elfu hamsini kwa makala atakazoandika. Alichukua bunduki tatu kubwa, miwani ya akiba, na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi.

Akachukua na maktaba. Dada yake alimtengenezea vitabu kama sitini, vikatiwa katika sanduku la mzigo wa mpagazi mmoja, ratili sitini, yaani kilo ishirini na saba hivi. Vitabu hivyo vilijalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa sababu haiharibiki kwa jasho, vumbi wala mafuta ya bunduki. Hapo msomaji wetu atacheka na kusema astaghfirullah. Bahati njema sanduku lenyewe lilikuwa la alumini, likawasitiri waliolibeba.

Tarehe 21 Aprili 1909, mvua ikinyesha, meli iitwayo Admiral iliingia Mombasa. Roosevelt alikuwa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka kumi na tisa. Kesho yake walipanda gari la moshi kwenda bara, na mzee akakaa kwenye kiti mbele kabisa ya kichwa cha treni ili awaone wanyama. Kermit naye alipewa jina: kwa mavazi yake akawa Bwana Maridadi.

Msafara ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Kwa desturi ya siku zile kila mmoja alipewa blanketi na fulana nzito, akabebeshwa ratili zake sitini. Tuwafikirie watu hao, waliozoea joto la minazi, wakivuka Nyandarua kwa miguu. Yeye bwana alikuwa amejiandaa tangu Bighorn. Wao waliandaliwa na umaskini. Majina machache yamebaki katika kitabu alichokiandika, kama Bakari aliyeshika bunduki yake, na Juma Yohari aliyeshika ya Kermit. Waliobaki ni idadi tu. Na bila wao hata kiroboto asingepelekwa Marekani.

NDOVU WA MLIMA KENYA

Nyeri Roosevelt alipokewa kwa ngoma kubwa ya Wakikuyu. Kisha akaingia msitu wa Mlima Kenya pamoja na mwindaji Cuninghame, wakiongozwa na Wandorobo, watu wa msituni waliosoma unyayo kama sisi tunavyosoma msahafu. Walimfuata ndovu dume, wakamkaribia, na Roosevelt akampiga risasi mbili. Ndovu akaanguka. Kabla hajatia risasi nyingine, dume wa pili alitokea kichakani, karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa mkonga. Roosevelt alirukia nyuma ya mti. Cuninghame akapiga, ndovu akageuka akaenda zake akilia. Pembe za yule aliyeanguka zilikuwa na uzito wa ratili mia na thelathini. Usiku ule rais mstaafu alibanika vipande vya moyo wa ndovu kwenye moto. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi ndovu si halali yetu. Waislamu wa msafarani riziki yao ilikuwa ni swala na kongoni, ambao kwa desturi waliwakimbilia kwa kisu na bismillahi kabla roho haijatoka.

Safari iliishia Khartoum mwezi wa Machi 1910. Baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512: baba 296, mwana 216. Kati yao walikuwamo ndovu kumi na mmoja, simba kumi na saba, na vifaru weupe tisa wa upande wa kaskazini, waliouawa karibu na Nile. Wengi wa wanyama hao walikwenda makumbusho, na wengine waliliwa.

Dini yetu haikuharamisha kuwinda. Imeweka mipaka: utaje jina la Mola wako, uwinde kwa haja, usifanye israfu; na aliyehirimia Hija hana ruhusa ya kuwinda mnyama wa nchi kavu. Kwa mizani hiyo, je, 512 ni haja? Mwenyewe alijitetea kwamba ni kwa elimu, na kweli elimu ilipatikana. Lakini pale Nyeri kulikuwa na mizani nyingine iliyopinda zaidi. Mgeni mwenye fedha alikata leseni akawa mwindaji. Mwenyeji mwenye mshale, aliyemwonyesha mgeni njia, aliwinda bila leseni akawa jangili katika msitu wa babu zake.

Roosevelt hakuishi sana baada ya hapo. Mwanawe mdogo, Quentin, aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918, na baba akafariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, ana miaka sitini.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977. Mwaka 2009, miaka mia kamili tangu Bwana Tumbo apite, ulikamilishwa ua wa umeme wa kilomita zipatazo mia nne kuizunguka Nyandarua, ili ndovu wasile mashamba na watu wasile msitu. Na huko Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, kifaru mweupe dume wa mwisho wa upande wa kaskazini alikufa mwaka 2018, wakabaki majike wawili, chini ya ulinzi wa watu wenye bunduki. Si Roosevelt aliyewamaliza. Ujangili na vita vya miaka ya baadaye ndivyo vilivyowamaliza. Lakini yeye aliyewaona nyati wa kwao wakitoweka alikuwa na haki ndogo ya kuhesabu tisa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mtu huyu aliweka akiba ya miwani, ya risasi, ya chumvi na ya vitabu. Kwao aliweka hata akiba ya elki, na wajukuu wa Marekani wanaila faida yake. Akiba ya kwetu aliikuta imejaa, akachota.