Beethoven: Nywele zake zaeleza ugonjwa wa ini, zashindwa kueleza uziwi

Mwaka 1802, Ludwig van Beethoven aliandika ombi moja: akifa, daktari wake aueleze ulimwengu alikuwa anaumwa nini. Alikuwa na miaka 31 tu. Daktari huyo, Johann Adam Schmidt, akatangulia kufa mwaka 1809, na ombi likabaki hewani.

Jibu la kwanza la uhakika lilipatikana Machi 2023, karibu miaka 200 baada ya mtunzi huyo wa muziki kuzikwa. Lilitoka kwenye nywele zake.

Mtoto wa Bonn

Beethoven alizaliwa mjini Bonn, Ujerumani, na kubatizwa Desemba 17, 1770. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji na mlevi. Ndiye aliyemfundisha muziki, tena kwa ukali. Mwaka 1778 alimpandisha jukwaani mjini Cologne akiwatangazia watu kuwa mtoto ana miaka sita, kumbe ana saba, ili aonekane wa ajabu zaidi.

Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1787. Baba alizidi kuzama kwenye pombe, na mzigo wa kuwatunza wadogo zake wawili ukamwangukia Ludwig akiwa bado kijana. Mwaka 1792 alihamia Vienna, mji uliokuwa kitovu cha muziki Ulaya. Huko alipata jina haraka kwa jinsi alivyokuwa anapiga piano.

Masikio yaanza kugoma

Kabla hata hajafikisha miaka 30, masikio yake yalianza kuvuma usiku na mchana. Sauti nyembamba zilikuwa za kwanza kupotea. Mwaka 1801 alimfungulia moyo rafiki yake aliyekuwa daktari: kwa karibu miaka miwili alikuwa anakwepa mikusanyiko ya watu, kwa sababu hakuweza kuwaambia kwamba hasikii.

Hebu fikiria mwanamuziki aseme hivyo hadharani. Kazi yote ingekwisha.

Basi watu wakamwona ana kiburi na hapendi wenzake. Hilo ndilo lililomuuma, na ndiyo maana mwaka 1802, akiwa kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna, aliwaandikia wadogo zake waraka mrefu. Alikiri kwamba alifikiria kujiua, lakini muziki ulimzuia. Alitaka ugonjwa wake uelezwe baada ya kifo ili watu waelewe na kumsamehe. Waraka huo hakuutuma, ulikutwa kwenye karatasi zake alipofariki.

Aliendelea kutunga kwa miaka mingine 25. Kuanzia 1818 wageni walikuwa wanamwandikia maneno yao kwenye daftari ndipo awajibu. Mei 7, 1824, Simfoni yake ya Tisa ilipopigwa kwa mara ya kwanza, alisimama jukwaani akiitazama okestra huku watu wakishangilia nyuma yake. Hakusikia. Mwimbaji Caroline Unger ndiye aliyemgeuza ili aone mikono ikipigwa.

Nywele zafika maabara

Beethoven alifariki Machi 26, 1827, akiwa na miaka 56. Tumbo lilikuwa limemsumbua miaka mingi. Mwaka 1821 alipata ugonjwa uliogeuza ngozi yake kuwa ya manjano, na katika miezi ya mwisho madaktari walikuwa wanamtoboa tumbo kutoa maji.

Enzi hizo, kukata nywele za mtu na kuziweka kama kumbukumbu lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo nywele zake zilisambaa. Timu ya watafiti iliyoongozwa na Tristan Begg wa Chuo Kikuu cha Cambridge ilipima vinasaba vya mafungu manane yaliyosemekana kuwa yake. Matano yalionyesha ni ya mtu mmoja, na watafiti wanaamini ndiye Beethoven.

Majibu yalikuwa haya: alirithi vinasaba vilivyomweka kwenye hatari kubwa ya ugonjwa wa ini, na kabla ya kufa alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao leo una chanjo. Ukiongeza na unywaji wake wa pombe, ini halikuwa na nafasi.

Fungu moja maarufu lilileta aibu. Vipimo vyake vya zamani ndivyo vilivyosambaza habari kwamba Beethoven aliathiriwa na sumu ya madini ya risasi. Kumbe nywele zile zilikuwa za mwanamke.

Lakini risasi haikuishia hapo. Mwaka 2024, vipimo vya mafungu mawili halisi vilikuta kiwango cha mara 64 na mara 95 ya kile cha kawaida. Wanasayansi wanasema kiwango hicho peke yake hakitoshi kuua, ila huenda kilichangia matatizo ya tumbo na masikio. Zama hizo mvinyo wa bei rahisi ulikuwa unatiwa utamu kwa kemikali yenye risasi.

Siri ya ukoo

Watafiti walilinganisha pia vinasaba vyake na vya wanaume watano wa ukoo wa van Beethoven walioko Ubelgiji. Havikulingana upande wa baba. Yaani, kati ya miaka ya 1570 na kuzaliwa kwake, kuna mtoto kwenye ukoo huo aliyezaliwa nje ya ndoa.

Cha kushangaza zaidi, utafiti mwingine wa 2024 ulipima vinasaba vinavyohusishwa na uwezo wa kufuata mapigo ya muziki. Beethoven alipata alama za chini kuliko watu wengi. Wanasayansi walilitumia hilo kuonya kuwa vinasaba haviwezi kutabiri kipaji cha mtu mmoja mmoja.

Na uziwi, jambo alilotaka watu walielewe kuliko yote? Vinasaba havikuonyesha chanzo chake. Watafiti wamepata habari za ini lake, za mvinyo wake, hata za mababu zake, mambo ambayo hakuyauliza. Kuhusu masikio, ombi la 1802 bado linasubiri.