Ibn al-Baytar, Mjuzi wa Mimea

Katika wanavyuoni wa Kiislamu walioitumikia elimu ya dawa, Diyaud-Din Abdallah bin Ahmad, maarufu kwa jina la Ibn al-Baytar, ana daraja yake peke yake. Alizaliwa Malaga, katika nchi ya Andalus, mwishoni mwa karne ya 12. Baytar ni mganga wa wanyama, na jina hilo latuonyesha kazi ya wazee wake.

Alisoma Sevilla kwa Abul-Abbas an-Nabati. Somo lao halikuwa la kukaa juu ya mkeka tu. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakitoka pamoja kuchuma mimea na kuitazama jani lake, ua lake na mzizi wake. Yapata mwaka 1220 akatoka kwao, akapita Maghribi, akafika Asia Ndogo, Sham na Misri. Sultani al-Kamil wa Misri akamfanya mkubwa wa wajuzi wote wa mimea.

Mwanafunzi wake, Ibn Abi Usaybia, ambaye alitembea naye pembezoni mwa Damascus wakitafuta mimea, ametuhadithia ada yake. Akitaja dawa alitaja jina lake la Kiyunani, kisha maneno ya Dioscorides, kisha ya Galen, kisha ya waliokuja baadaye, na akabainisha walipohitilafiana na walipokosea. Kitabu chake kikubwa, al-Jami, chakusanya dawa na vyakula zaidi ya 1,400 kwa taratibu ya herufi, na kila neno amelirejeza kwa mwenyewe.

Kitunguu saumu kimo kitabuni humo, na hapo ndipo twataka kusimama kidogo. Ibn al-Baytar hakujua bakteria, na anayedai kuwa alijua amzulia marehemu. Lakini mmea alioueleza wachunguzwa hata leo, na kwa njia ya ajabu. Bakteria wa namna nyingi, wakiwa wachache, hutulia. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo iliyo kama ishara ya kuitana. Ishara ikizidi hujua kuwa wametimia, ndipo watoapo sumu kwa pamoja, mfano wa wezi wangojeao wenzao kabla ya kuvunja nyumba. Mwaka 2012 wataalamu wa Denmark walieleza kuwa ajoeni, ipatikanayo katika kitunguu saumu kilichopondwa, huikata ishara hiyo kwa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, mwenye kushambulia vidonda na mapafu. Bakteria hafi, bali silaha zake hupungua, na kinga ya mwili ikaweza kumshughulikia. Mwaka 2015 wataalamu wa Atlanta, Marekani, waliona mfano wa hayo katika majani ya mti wa kastana, ambayo watu wa Italia ya kusini walikuwa wakiyatumia kwa maradhi ya ngozi. Faida inayotarajiwa ni kubwa: dawa inayoua huwaacha hai wale sugu tu, nao wakazaana, isiyoua haiwapi sugu nafasi kubwa hivyo.

Hata hivyo mtu asiache dawa ya daktari akatafuna saumu. Mwaka 2010 Uingereza walichapisha jaribio dogo la vidonge vya saumu kwa wagonjwa wa mapafu, na haikuonekana nafuu ya kutegemewa. Wameliandika hivyo hivyo, bila ya kulificha. Sisi twaona hii ndiyo ada ya Ibn al-Baytar hasa, kuliko maneno ya wauzaji wanaosema kila jani ni dawa ya kila maradhi.

Al-Kamil alipofariki mwaka 1238, Ibn al-Baytar alimtumikia mwanawe, as-Salih Ayyub, akamtungia kitabu kingine, al-Mughni, kilichopangwa kwa viungo vya mwili. Alifariki Damascus mwaka 1248, rahimahullah. Al-Jami kilipigwa chapa Bulaq, Misri, mwaka 1874, na Wafaransa wakaanza kutoa tafsiri yake mwaka 1877.